Fomu ya kupima maji ya kisima cha mayu (mama): nani asaini?

Masanja, Leicester
Mwangaluka wote. Kisima cha mayu upande wa Sengerema nilikichimbisha mwaka jana, pembeni ya majaruba ya mpunga. Maji yakitoka asubuhi ni meupe kabisa. Yaache kwenye ndoo, mchana yana rangi ya kutu, na chai yake nyeusi kama wino. Mdogo wangu kapeleka sampuli ipimwe sumu ya aseniki, wameikataa: fomu asaini mwenye kisima, aandike na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Kisima kina jina langu na NIDA sina, niliondoka nchini kabla hazijaanza kutolewa. Kontroli namba ya malipo inaisha Ijumaa. Mayu anaweza kusaini, au mpaka hati ya uwakili?

Bwire, Houston
Hizo zebaki za wachenjuaji dhahabu, kaka. Mayu achemshe tu.

Nyanzala, Leeds
Bwire, usituulie mama! Ukichemsha maji yanapungua, aseniki inabaki palepale, inakolea. Na zebaki ni kitu kingine. Aseniki imo kwenye miamba yenyewe ya ukanda wa dhahabu wa Geita, na kwenye udongo hushikwa na kutu ya chuma. Sasa majarubani kuna mabua na mizizi iliyofukiwa: hicho ndicho chakula cha bakteria. Wanakula mpaka oksijeni inaisha, halafu wanapumulia ile kutu. Kutu inayeyuka, aseniki iliyong'ang'ania humo inaachiwa majini. Bangladesh watu walikimbia maji ya madimbwi yenye kipindupindu, wakachimba visima kwa mamilioni. Mwaka 1993 ndipo aseniki ikagundulika. Kikomo cha WHO ni mikrogramu 10 kwa lita, na huionji.

Mzee Lugata, Toronto
Binti yangu, umesema vyema ila umeruka. Rangi ile ni ushahidi wa chuma, si wa aseniki. Tena kuna bakteria wa jamii nyingine, penye salfeti (chumvi yenye salfa), hutengeneza salfaidi inayoweza kuifunga aseniki tena. Apime.

Masanja
Shikamoo mzee. Ndicho ninachouliza, nipimeje! Chupa iko jikoni kwa mdogo wangu wiki sasa.

Mzee Lugata
Marahaba. Mna nini chini ya chupa?

Masanja
Tope jekundu.

Mzee Lugata
Basi imwage. Kutu ikituama inazama na aseniki, wakipima maji ya juu watakuambia salama. Sampuli hutiwa tone la asidi palepale kisimani.

Mama Neema, Oslo
Fomu zisikieni tu. Mimi kiwanja cha Buswelu miezi minne, eti jina la TIN, namba ya mlipa kodi, lina "h" na la pasipoti halina! Mdogo wangu kapanda kushuka mpaka soli ikaisha. Ila siku hizi Busisi mnapita darajani, sijui kama napenda. Foleni ya kivuko ilikuwa na mahindi ya kuchoma, na yule dada wa sato kwenye gazeti, mafuta yanachuruzika mpaka kiwikoni.

Bwire
Daraja sawa. Ziwa lote lile, na mayu anachimba kisima! Wakija kuomba kura waulizeni bomba.

Nyanzala
Siasa peleka kule kwingine, Bwire.

Masanja
Wakubwa, kesho ndiyo Ijumaa. Mayu asaini au asisaini?

Mama Neema
Pole mwanangu. Hivi kuna anayetoka Mwanza kuja huku mwezi huu? Nina shida na dagaa wa soko la Mwaloni, kilo mbili tu.