Kaka ana ugonjwa wa ini, dawa inamharisha. Tuiache?

NyarKondele: Hamjambo ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kuuguza. Kaka yangu mkubwa amekunywa chang'aa tangu sijaolewa. Sasa ni mwezi wa pili hajagusa. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa manjano, daktari akasema ini limejaa makovu. Juzi alikesha usiku kucha, asubuhi nikamkuta anakoroga chai kwa kitana, ananitazama kama mgeni. Alilazwa, akatoka na chupa ya dawa iitwayo laktulosi. Sasa anaenda choo mara tatu kwa siku. Mama anasema dawa inammaliza, tumpe mala badala yake. Daktari alitaja bakteria wa utumbo, sikuelewa. Ini na utumbo, wapi na wapi?

MuuguziNaks: Pole dada. Usiiache! Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hutoka upande wa utumbo. Pombe hulegeza ukuta wa utumbo na kuvuruga bakteria wa humo, sumu zao zikapenya na kulichoma ini. Tena bakteria hao hutengeneza amonia, sumu nyingine. Ini lenye afya huiondoa. La kaka limeshindwa, ikapanda hadi kwenye ubongo. Ndicho kile kitana. Laktulosi huinasa amonia utumboni ikatoka na choo. Choo laini mara mbili au tatu ndicho tunachotaka. Ikiwa ni maji matupu, mpigie daktari apunguze kipimo, maana kukaukiwa maji nako humchanganya. Mala haifanyi kazi hiyo, na ya maziwa mabichi usimpe kabisa.

MamaWaMbale: Mume wangu aliiacha laktulosi tukienda matanga, aliona haya kusimamisha matatu kila saa. Siku ya tatu hakujua majina ya watoto wake. Tena tulimnyima mayai na samaki, tukidhani tunamsaidia.

MuuguziNaks: Mama, wengi hufanya hivyo. Wanahitaji mayai, maharagwe, omena, ila chumvi kidogo. Na uji kabla ya kulala, wasikae na njaa usiku kucha.

NyarKondele: Mungu awabariki. Nimemsomea mama, amekubali. Ila tangu mchana kaka ana homa, na tumbo hataki liguswe. Nimpe dawa ya maumivu alale?

MuuguziNaks: Hapana, dada. Hospitali sasa hivi, usingoje kuche. Bakteria wa utumbo huweza kuvuka wakaingia kwenye yale maji ya tumbo, na hiyo huua. Waambie wayavute kwa sindano wayapime leo leo.

NyarKondele: Tuko kwa tuktuk. Chupa nimeibeba.