Naombeni ushauri: boksi lipi la nyongeza la HeroQuest nianze nalo?

KijanaWaTabata: Habari za jioni wakuu. Binamu yangu alinitumia HeroQuest, mchezo wa mezani wa mashujaa na mazimwi, kutoka Birmingham, ile mpya ya kampuni ya Avalon Hill iliyotoka 2021. Kila Jumamosi usiku tunakaa mezani, mimi ni Zargon, mchawi mwovu anayeendesha mazimwi, wadogo zangu watatu wanashika mashujaa. Misheni zote 14 tumezimaliza na hawataki kusikia habari ya kuacha.

Binamu anakuja Desemba, ila begi lake lina nafasi ya maboksi mawili tu. Nachagua kati ya Kellar's Keep, Return of the Witch Lord na The Frozen Horror. Moyo wangu uko kwenye Frozen Horror. Halafu kuna jamaa hapa mjini anauza Kellar's Keep ya zamani, ya 1989, anasema haijapungua kitu. Nifanyeje?

MamaKete: Mdogo wangu, Frozen Horror iache kwanza. Misheni zake za mwanzo ni za Barbarian peke yake, shujaa mmoja kati ya wanne. Mmoja atacheza, wenzake wawili watabaki kumtazama, na hao ndio unaowanunulia. Tena ni ngumu, sisi ilituchakaza vibaya hadi mwanangu akalia. Chukua hayo mawili mengine, yametungwa kwa mashujaa wote wanne na yana misheni 10 kila moja.

Mzee wa Dadu: Naungana na MamaKete. Kuhusu ya 1989, usitoe hela kabla ya kumwaga vinyago vya mazimwi mezani na kuvihesabu: maorki 8, magoblini 6, fimir 3. Jumla 17. Fimir ni yule wa jicho moja. Kwenye toleo jipya hayupo, nafasi yake amechukua zimwi jingine, Abomination, kwa hiyo wakikosekana hao hutawapata kwenye boksi jipya. Kagua na vipande vya karatasi ngumu vya kupanga juu ya ubao, ndivyo vinavyopotea sana.

KijanaWaTabata: Asanteni sana. Nyongeza kidogo: silaha za vinyago vyangu vya mifupa (skeletons) zimepinda tangu boksi lifunguliwe. Nazinyoosha, kesho zimerudi vilevile.

MamaKete: Ni plastiki laini hiyo. Tumbukiza kinyago kwenye maji ya moto sana kwa nusu dakika, nyoosha kwa vidole, kisha papo hapo kwenye maji ya baridi. Hayo ya baridi ndiyo yanayoshika umbo, nadhani unayaruka. Ukitaka kupaka rangi, osha kwanza kwa sabuni, la sivyo itabanduka.

Mzee wa Dadu: Na pakua programu yao ya simu, ni ya bure. Inashika nafasi ya Zargon, nawe ukae upande wa wadogo zako.

KijanaWaTabata: Hiyo sikuijua! Mkubwa kati yao ananiomba kila wiki nicheze naye upande mmoja. Nimeshamwandikia binamu alete Witch Lord, na nafasi ya pili asiijaze bado. Jumapili naenda kwa yule jamaa kuhesabu fimir. Wakiwa watatu, naleta picha hapa.