Nyumba ya meneja wa mkonge: ibomolewe au ihifadhiwe?

Mchangiaji aliyetangulia anataka nyumba kuu za mashamba ya zamani ya mkonge mkoani Lindi zibomolewe na mawe yake yatumike kujengea madarasa, kwa sababu zinakumbusha unyonyaji. Uchungu wake nauelewa na nauheshimu, ila hitimisho lake silikubali.

Tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge nchini mwaka 1893, ikasalimika 62 tu, zao hili limebebwa na migongo ya manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashambani. Huku kusini wengi wao walikuwa Wamakonde na Wamawia waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakakata majani kwa kadi ya kipande ya siku 30, ambamo siku isiyotimiza kazi haikuhesabiwa. Vibanda vyao vya miti na udongo vilikwisha zamani. Kilichobaki ni nyumba ya meneja, na ndiyo inayoonyesha waziwazi jinsi mamlaka yalivyopangwa: kiwanja kilichoinuka, baraza pana linalopokea upepo, dari ya juu, na jiko lililotengwa nyuma ili moshi usifike sebuleni, wala mpishi. Tukiiondoa, tunaondoa ushahidi wa mwisho unaosimama wa kile walichotendewa manamba.

Kisheria tuko pabaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, ilhali nyumba za mkonge zote ni za baada ya Hindorf. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1940 unalindwa, lakini ukuta unaoushikilia haulindwi mpaka Waziri autangaze.

Hata hivyo, tusishangilie kila ukarabati. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huruhusu unyevu utoke. Ukipigwa lipu ya saruji, maji na chumvi hubaki ndani, na baada ya masika kadhaa lipu huvimba, hubanduka na kuondoka na uso wa jiwe. Boma la Mikindani, walilojenga Wajerumani mwaka 1895, lilikarabatiwa likawa hoteli, na si vibaya; ila mgeni atakayelala katika nyumba ya shamba aelezwe habari za kambi ya manamba na korona, yaani kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, kabla ya kuonyeshwa mandhari.

Napendekeza halmashauri iombe tamko la Waziri kwa nyumba, korona na eneo la kambi kwa pamoja, na wazee waliokata mkonge wahojiwe sasa, wangali hai.