Nasoma uuguzi, ada inanibana: nifanye kazi gani ya muda bila kuharibu masomo?

Binti wa Area C

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nasoma stashahada ya uuguzi na ukunga kwenye chuo binafsi hapa Dodoma, niko NTA Level 5, yaani mwaka wa pili. Baba alifariki mwaka jana na mama amebaki anahangaika peke yake na biashara ya mama lishe kule Kondoa. Ada ya muhula huu tumelipa nusu. Deni ni laki nne na nusu, mtihani uko miezi mitatu mbele, na mwenye deni hapewi kibali cha kuingia chumba cha mtihani.

Ratiba yangu ni Jumatatu hadi Jumatano darasani mpaka saa tisa na nusu, Alhamisi na Ijumaa wodini. Zikifika wiki za mafunzo kwa vitendo tunapangwa kwenye rosta pamoja na wauguzi: asubuhi, jioni, usiku.

Nimepata nafasi mbili. Ya kwanza ni zahanati ya mtu binafsi. Mwenye nayo anataka niwe naingia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, nichome sindano, nifunge vidonda na kutoa dawa, kwa laki na ishirini kwa mwezi. Anasema leseni si tatizo kwa kuwa nimeshafika Level 5. Ya pili ni mapokezi kwenye nyumba ya kulala wageni, usiku nne kwa wiki, laki na nusu.

Moyo wangu uko kwenye zahanati kwa sababu nitapata uzoefu. Naona pia video za wanafunzi wa uuguzi Marekani wanasoma huku wakihudumia wazee, wanalipwa na maisha yanakwenda. Naombeni ushauri kabla sijatoa jibu Jumatatu.

Sista wa Zamu

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza baba.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi na nimesimamia wanafunzi wengi. Zahanati hiyo usiende. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka anayefanya kazi ya uuguzi awe amesajiliwa na ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Level 5 ni hatua ya masomo, haiwi leseni hata mwenye zahanati aseme nini. Ukiwa wodini na chuo, unashika mgonjwa chini ya usimamizi wa mwenye leseni, na hicho ndicho kinachokulinda wewe na mgonjwa. Saa mbili usiku pale zahanati utakuwa na nani?

Fikiria hili. Mtu amekuja na dawa yake, unamchoma penisilini, dakika chache uso unavimba, pumzi inabana, presha inaporomoka. Anahitaji adrenalini wakati huo huo, na mtu anayejua dozi na aliyewahi kuliona jambo hilo. Wewe umelisoma darasani tu. Akifa, mwenye zahanati atasema hakukutuma, na jina litakaloandikwa polisi ni lako. Mwisho wa masomo unatakiwa uende mbele ya Baraza hilo hilo kufanya mtihani wa leseni.

Halafu kuna sindano kukuchoma wewe. Ukichomwa ukiwa kwenye mafunzo, unatoa taarifa, unapimwa, na ikihitajika unaanzishiwa dawa za kuzuia VVU mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, na unazimeza siku 28. Pale unapofanya kazi kwa kujificha, utaogopa hata kusema. Nawajua mabinti walionyamaza. Na kama hujachanjwa homa ya ini aina ya B, dozi zote tatu, fuatilia wiki hii, uwe na kazi ya pembeni au usiwe nayo.

Uzoefu unaousema utaupata wodini ukiwa umelala vizuri. Mwanafunzi aliyekesha namjua akiingia tu mlangoni. Anapima presha na kuandika namba ya mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Msafiri wa Ohio

Dada, niongeze kuhusu hizo video. Niko huku Marekani na mke wangu amesoma uuguzi akifanya kazi hiyo ya wazee. Wale wengi wao wana cheti cha usaidizi wa muuguzi, wanaita CNA. Sheria ya serikali kuu inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, kisha mtihani, kisha jina linaingia kwenye daftari la jimbo. Kazi zao zina mpaka: kuogesha, kulisha, kugeuza mgonjwa kitandani, kupima joto na presha. Kuna muuguzi mwenye leseni juu yao. Unachoahidiwa hapo Dodoma ni kazi ya muuguzi kamili kwa malipo ya kibarua. Hata huku, aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hawezi kwenda kufanya kazi hiyo mtaani atakavyo. Muhula ukiwa unaendelea anaruhusiwa saa 20 kwa wiki, na kwa kawaida ndani ya chuo chenyewe.

Mwalimu wa Jioni

Uliingia uuguzi kwa kufaulu Biolojia, Kemia na Fizikia kidato cha nne, sivyo? Basi una bidhaa mkononi. Wazazi wa Dodoma, watumishi wengi wao, wanatafuta usiku na mchana mtu wa kumfundisha mtoto wa kidato cha pili masomo ya sayansi. Anza na watoto wanne wa mtaa mmoja, uwakusanye sebuleni kwa mzazi mmoja, Jumamosi asubuhi na jioni moja katikati ya wiki. Wiki za rosta unabaki na Jumamosi au Jumapili, na mzazi anaelewa ukimwambia mapema. Tena unapowaeleza mzunguko wa damu unajikumbusha mwenyewe anatomia.

Kipusa wa Nakuru

Mimi nilisomea KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya huku Kenya, nikajilipia sehemu ya karo kwa kuuza njugu na mayai ya kuchemsha hosteli. Faida ni ndogo lakini hakuna mwajiri wa kukuuliza mbona hukuja. Hicho ndicho kipimo changu kwa kazi yoyote ya mwanafunzi wa uuguzi: rosta ikibadilika leo jioni, naweza kuiacha bila kugombana na mtu? Mapokezi ya usiku hayapiti hapo. Usiku nne bila kulala, kisha Alhamisi uko wodini unahesabu matone ya dripu? Mama, hapana. Na usalama wa msichana peke yake mapokezi usiku wa manane ni jambo la kuwaza sana.

Kusuka pia kunalipa kama una mkono. Kazi ya wakala wa pesa za simu usiguse kama mtaji si wako, maana hesabu ikipungua jioni unalipa wewe.

Binti wa Area C

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mama Sista, hilo la kuandika namba ya mgonjwa mwingine limenitisha kweli. Zahanati nimeiacha, na nyumba ya wageni pia.

Nina B ya Biolojia na C ya Kemia na Fizikia. Twisheni naiweza. Lakini nikipiga hesabu, watoto wanne hawawezi kumaliza laki nne na nusu ndani ya miezi mitatu. Hapo nifanyeje?

Mhasibu Mstaafu

Binti yangu, nilikaa ofisi ya fedha ya chuo. Wanafunzi wengi huja kwetu wiki ya mtihani wakilia, wakati huo mkono wetu umefungwa. Nenda kesho, miezi mitatu kabla. Andika barua kwa mkuu wa chuo, nakala kwa mhasibu, ueleze msiba, uambatanishe cheti cha kifo cha baba, kisha upendekeze mwenyewe kiasi na tarehe za kulipa. Mfano laki na nusu kila mwezi. Lipa awamu ya kwanza kwa wakati hata kama mmekopa kwa mjomba, kwa sababu baada ya hapo neno lako linaaminika. Na omba majibu kwa maandishi. Ahadi ya mdomo kwenye korido husahaulika mtu akihamishwa.

La pili, Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, na fani za afya zimo. Soma mwongozo wa mwaka huu uone kama sifa zako zinaingia. Hata dirisha likiwa limefungwa, anza na nyaraka sasa: cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Hapo ndipo wengi hukwama siku za mwisho.

Sista wa Zamu

Likizo ndefu ndiyo wakati wako wa kufanya kazi kutwa nzima, mwanangu. Rudi Kondoa, simama na mama jikoni, muongeze vitafunwa vya asubuhi, muweke pembeni fungu la muhula unaofuata. Muhula ukianza, punguza. Na mwambie mwalimu wako wa mafunzo kwa vitendo hali yako. Simaanishi akupendelee. Rosta huwa inapangwa na mtu, na mtu huyo akijua una watoto wa kufundisha Jumamosi, anaweza kukupa usiku wa Jumapili badala yake.

Binti wa Area C

Barua naandika usiku huu. Mama mwenye nyumba wetu ana mtoto kidato cha pili na amekubali tutumie sebule yake, jirani mwingine ana wawili. Swali la mwisho kwa Mwalimu: nitoze kiasi gani, na vipi mzazi anayesema atalipa mwisho wa mwezi?

Mwalimu wa Jioni

Elfu ishirini kwa mwezi kwa mtoto mmoja ni bei ya kuanzia isiyomfukuza mzazi, na wa mama mwenye nyumba mpunguzie kwa ajili ya sebule. Hela ipokelewe wiki ya kwanza ya mwezi, uandike kwenye daftari na mzazi asaini. Anayetaka kulipa mwishoni mwambie kwa heshima kwamba ni ada yako ya chuo, akupe nusu sasa na nusu tarehe kumi na tano. Kipindi cha kwanza fundisha bure, wazazi wakiwepo wanasikiliza. Nitumie ujumbe faragha nikupe mitihani ya mada niliyotunga ya Biolojia kidato cha pili, uanze nayo Jumamosi.