Majina ya kupanda daraja yakitoka, langu halimo. Nianzie wapi?

MamaHisabati:
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Hisabati na Fizikia. Niliajiriwa 2013 na shahada yangu, nikaanza TGTS D, ngazi ya mshahara ya walimu. Wenzangu tuliopangiwa wilaya moja sasa wako F. Mimi bado E.

2018 nilihamia halmashauri nyingine kumfuata mume. Tangu hapo nikienda kwa afisa utumishi naambiwa "upo, subiri bajeti". Orodha ikitoka, simo.

Tena si hela tu inayoniuma. Taaluma ya shule nashika mimi: ratiba, mitihani ya majaribio, kambi ya kidato cha nne. Matokeo ya Necta yakiwa mazuri anapongezwa mkuu wa shule. Yakishuka, naitwa mimi kujieleza. Mei Mosi mwaka juzi nilitangazwa mfanyakazi hodari, nikapewa cheti, bahasha wakasema itafuata. Cheti kipo sebuleni. Bahasha nadhani inakuja kwa miguu.

Kuna pa kwenda, au ndiyo kusubiri?

Chaki_Nyeupe:
Pole, mwalimu. PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, umejaza yote? Siku hizi wakikosa sababu wanashika hiyo. Halafu hiyo taaluma waachie wenyewe, tuone kambi ataisimamia nani.

Mzee_Masijala:
Mwanangu, nimekaa masijala ya halmashauri mpaka nikastaafu. Tatizo lako lipo kwenye kuhama. Mtumishi akihama, mshahara unamfuata upesi kwa kuwa uko kwenye mfumo, ila jalada linabaki kabatini alikotoka. Mwajiri mpya akiandaa ikama (idadi ya watumishi na vyeo vyao) na bajeti haoni barua yako ya kuthibitishwa kazini wala ya daraja la mwisho, anakuruka. Kule ulikotoka nako umeshafutwa.

Usimalizane na afisa utumishi peke yake. Halmashauri inatenga fedha, lakini mwenye mamlaka ya kumpandisha mwalimu ni Tume ya Utumishi wa Walimu, na ofisi yao ipo wilayani. Andika barua, ipitie kwa mkuu wa shule, uambatishe nakala za ajira, kuthibitishwa, daraja la mwisho na uhamisho. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Hayo ya "upo, subiri" hayana muhuri.

Uliza pia habari ya mserereko, yaani kupandishwa ili ufikie daraja ulilostahili. Uliwekwa kwa ajili ya waliocheleweshwa pale madaraja yaliposimamishwa 2016 kupisha uhakiki wa watumishi, na wewe wakati huo ulikuwa kazini.

MamaHisabati:
Shikamoo mzee, asante sana. @Chaki, kuacha taaluma nimewaza, lakini wale watoto hawajanikosea. Barua ya kuthibitishwa ninayo, ya E siioni. Na wakinipa F ya kuanzia leo, niikatae mpaka wanihesabie miaka ya nyuma?

Mzee_Masijala:
Marahaba. Usikatae! Pokea, saini, ndipo udai ukiwa F. Anayekataa barua anarudi mkiani mwa foleni. Na usilaze damu, maana pensheni ya PSSSF inakokotolewa kwa wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora. Daraja likichelewa mno, hasara unastaafu nayo. Barua ya E nakala yake ipo kwenye jalada ulikotoka. Ukifika, mtafute mhudumu wa masijala kabla ya bosi. Yeye ndiye anajua kabati.