MREJESHO: Bidhaa zangu 9 zilizofutwa kimakosa, 6 zimerudi

Wadau habari zenu. Mimi ndo yule niliyekuja hapa nalia mikufu yangu 9 imefutwa kwenye soko la mtandaoni eti nauza pembe za ndovu, wakati ni shanga za udongo wa kuchoma na kosa langu ni kuandika "rangi ya pembe za ndovu", mfumo ukasoma pembe ukafyeka zote.

Asanteni sana jamani, hasa aliyenizuia kuipandisha upya kabla rufaa haijajibiwa, maana nilikuwa nishashika simu tayari na ningeongezewa kosa la pili.

Rufaa ya kwanza niliandika gazeti zima la hasira, ikakataliwa dakika hiyohiyo, roboti tu yule. Ya pili nikafanya mlivyosema, sentensi tatu, namba ya bidhaa, na picha za kazi ya kutengeneza, ikiwemo shanga moja niliyoipasua katikati, nje krimu ndani udongo mwekundu kabisa. Siku ya tano akajibu mtu, 6 zikarudi na rivyuu (maoni ya wateja) zake zote.

Zile 3 zimegoma, picha za kuzitengeneza sikuwa nazo. Rufaa ilipofungwa nikazipandisha kama bidhaa mpya, maelezo sasa yanasema "krimu" basi, ila zimeanza na sifuri, rivyuu zote kwishnei, inauma.

Kuwafuata wenye soko kwa meseji kwenye mitandao ya kijamii hakukusaidia kitu, walinirudisha kwenye fomu ileile. Siku hizi kila shanga naipiga picha ikiwa bado mbichi kwenye kijiti.