Sahihi ya nauli si ridhaa ya mradi! Miradi ya ubia Lamu

Wanajukwaa, tumechoshwa na miradi hii ya serikali na kampuni binafsi, na sasa huu mpya wa kuchimba Mkanda, mkondo wetu wa ndani. Serikali na kampuni zinafunga mkataba Nairobi, kisha watu wa Pate na Siyu wanaitwa barazani "kutoa maoni". Maoni ya nini, na mambo yashakwisha?

Barazani unaonyeshwa picha, unatia sahihi upewe nauli. Karatasi hiyohiyo inakwenda kubandikwa kwenye ripoti ya mazingira: wananchi wameridhia! Mchezo wa namna hii ndio uliouponza mradi wa makaa ya mawe wa Kwasasi. Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni, kwa kuwa watu waliitwa kabla ya utafiti, na matokeo hayakurudishwa kwao. Kanuni za 2003 za tathmini ya mazingira zinataka mikutano isiyopungua mitatu, na notisi wiki moja kabla. Nani hapa alipata notisi?

Orodha ya fidia ndiyo fitina yenyewe. Wanachukua daftari la BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, basi. Mama anayechokoa pweza maji yakitoka, mshika kaa wa mikokoni, baharia asiye na chombo: wengi hawamo. Halafu mapato wanakuja kuyapima wakati wa kaskazi, bahari shwari na vyombo viko nje, waandike kwamba mikondo ya ndani haina wavuvi. Kusi ikivuma nani atatoka nje ya mwamba? Miezi hiyo watu wanakula kwa Mkanda, na Mkanda ndio unaochimbwa.

Bandari ya Lamu ilijengwa kwa fedha za serikali, si ubia, lakini tuliona: kesi 2012, hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018, meli ya kwanza ikatia nanga Mei 2021 wavuvi wakiwa bado hawajalipwa.

Ukilalamika, kampuni inasema ardhi na watu ni kazi ya serikali. Serikali inakurudisha kwa mkandarasi. Basi ukurasa wa mkataba unaosema nani anabeba hasara ipi ubandikwe kwa chifu. Kila lalamiko lipewe namba na siku 14 za kujibiwa. Pesa za fidia ziwe benki, akaunti ya peke yake, kabla mashine haijagusa maji.

Na jihadharini na "tutalishughulikia". Rufaa dhidi ya leseni ya mazingira ina siku 60. Wanakupigisha soga mpaka ziishe, kisha wanakuwa wakali.

Mwenye nakala ya leseni ya mradi huu mpya aweke tarehe yake hapa, leo.